PLAB: nilivyozigawa dakika nane za kila kituo

Daktari aliyesomea Tanzania au Kenya akitaka kusajiliwa na GMC, baraza la madaktari la Uingereza, kwa kawaida hupita kwenye mitihani miwili ya udaktari, PLAB 1 na PLAB 2. Mtihani wa Kiingereza hutangulia: IELTS ya kitaaluma yenye jumla ya 7.5 na kila sehemu isiyopungua 7.0, au OET ya daraja B kote.

PLAB 1 ni maswali 180 kwa saa 3, jibu moja bora kati ya matano. Jibu baya halikukatii alama, kwa hiyo usiache pengo. Niliweka alama kwenye karatasi ya majibu papo hapo, swali kwa swali. Ukiruka swali ukasahau kuruka mstari wake, yote yanayofuata yanahama. Nilisoma miongozo ya matibabu ya NICE, taasisi ya Uingereza, badala ya ile tuliyozoea nyumbani. Presha ikipimwa kliniki ikawa 140/90, kwa mfano, kwanza inathibitishwa kwa kipimo cha kuvaa saa 24 au cha nyumbani, na Mwafrika asiye na kisukari huanzishiwa dawa ya kundi la amlodipini.

PLAB 2 ndiyo inayowashangaza wenye akili zao. Ni mtihani wa vitendo, hufanyika Manchester: vituo 16, dakika 8 kila kimoja, na dakika moja na nusu ya kusoma maelezo mlangoni. Unapimwa kwa mambo matatu: kukusanya taarifa na uchunguzi, mpango wa matibabu, na namna unavyohusiana na mgonjwa. Kila jambo lina alama 0 hadi 4, kwa hiyo kuujua ugonjwa tu hakukuvushi.

Mlangoni nilitafuta vitu vitatu: niko kliniki au dharura, umri wa mgonjwa, na kazi niliyopewa. Ukiambiwa uzungumze naye kuhusu hofu yake, kukimbilia kumpima tumbo ni kupoteza muda. Ndani nilianza na swali la wazi, nikanyamaza amalize. Mgonjwa wa kuigiza hudondosha fununu, tuseme baba yake alifariki kwa saratani. Iokote hapo hapo. Kuuliza "una wasiwasi gani?" kwa kukariri, huku fununu ikipita, kunasikika vibaya sana.

Ilipofika dakika ya 5 nilikuwa nimeshaingia kwenye mpango, hata kama maswali hayajaisha. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama: foleni za hospitali zetu zimetuzoesha kutoa amri, kapime hiki, kunywa hiki. Kule unamweleza kwa lugha nyepesi, unampa njia zilizopo, unamsikiliza anachopendelea, kisha unamtajia dalili za kumrudisha haraka. Aliyepata degedege kwa mara ya kwanza bila sababu lazima aambiwe asiendeshe gari, kwa kawaida miezi 6, na aitaarifu DVLA, mamlaka ya leseni za udereva.

Kwenye dharura sema kwa sauti unachofanya, maana mtahini hasomi mawazo. Mzio mkali kwa mtu mzima: adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja upande wa nje, rudia baada ya dakika 5 hali isipobadilika.

Mazoezi yanataka watu watatu: daktari, mgonjwa mwenye kadi ya maelezo ya kuigiza, na mshika saa anayekatisha bila huruma.

Uhakiki wa shahada kupitia EPIC, huduma ya mtandaoni ya kuhakiki vyeti vya madaktari, uanze mapema, chuo kinaweza kuchelewa kujibu. Viza ya mgeni inatosha kwa PLAB 2, ambayo lazima uifaulu ndani ya miaka 2 tangu PLAB 1.