Nilivyomtambua ndege mgeni kwenye jabali la uani, Dodoma

Tulipojenga hapa Ntyuka, fundi alinishauri nilipasue jabali la nyuma ya nyumba, nipate kokoto bila kununua. Nilikataa, na sababu ilikuwa ndege. Anayetaka ndege wa mawe lazima awaachie mawe. Upande ule sikupanda nyasi wala maua. Udongo umebaki wazi, na chini ya mwarobaini nimeweka sinia kuukuu lenye maji ya kina kifupi.

Wanaokuja kila siku nawajua: tetere, shomoro, kwenzi, na wale kasuku wadogo wenye kola ya njano ambao asili yao ni Tanzania tu. Novemba, mvua za kwanza zilipotoa kumbikumbi, nikaona mwingine juu ya jabali. Alisimama wima, akatulia muda mrefu, akashuka ghafla chini kudaka mdudu, kisha akarudi palepale. Kwa rangi hakuwa na cha kumsimamisha mtu, kahawia ya vumbi tu. Jirani yangu, mzee wa Kigogo aliyekuja kuazima jembe, alimtazama kidogo akasema, "Mwanangu, huyo si ndege tu?"

Kilichonipeleka kuchukua darubini ni mkia. Ulikuwa mfupi, wa rangi ya kutu, na alikuwa akiutikisa kila mara. Lakini mkia peke yake hautoshi, kwa sababu huku kwetu kwenye mawe kuna ndege mwenyeji, Oenanthe familiaris kwa jina la kisayansi, ambaye naye mkia wake una rangi hiyo. Mwenyeji huyo ni mdogo zaidi, kifua chake hakina mabaka, na akitua huchezesha mabawa. Huyu wangu alikuwa na mwili mnene, mdomo mrefu, na kuanzia kifuani hadi tumboni amejaa alama kama magamba ya samaki. Magamba hayo ndiyo yaliyomaliza ubishi kichwani mwangu: ni ndege wa mawe anayehama, kisayansi Monticola saxatilis.

Ndege huyu hutaga kwenye milima yenye mawe kuanzia Hispania, kupitia Uturuki na Asia ya Kati, hadi Mongolia na kaskazini mwa China. Baridi ikianza huko, wote huhamia Afrika kusini ya Sahara, hata wale wa China ambao wangeweza kushuka India kwa safari fupi zaidi. Baridi yao ndiyo msimu wetu wa mvua, wakati wadudu wamejaa ardhini. Kuja Tanzania si ajabu kwake. Ajabu ni kuchagua uwanja wa mtu wenye kuku na kamba ya nguo.

Programu ya simu inayotambua ndege kwa sauti haikunisaidia kitu, maana huku mgeni huyu hukaa kimya karibu muda wote. Ilibidi nitumie macho. Nilikaa ndani, nyuma ya dirisha la jikoni, asubuhi kabla upepo wa Dodoma haujaanza kurusha vumbi, nikabandika simu kwenye kioo cha darubini na kupiga picha. Picha nyingi zilikuwa ukungu mtupu. Kutoka nje kumfuata sikuthubutu. Ndege wa aina hii ukimsogelea anahamia jiwe la pili, na jiwe la pili liko kwa jirani.

Hatari niliyoiogopa zaidi ilikuwa manati ya watoto wa mtaani. Sikuwakemea. Niliwaita dirishani mmoja mmoja, nikawapa darubini, wakaanza kugombea zamu. Kuanzia hapo wao ndio walionipigia hodi, "Shikamoo mjomba, yupo!"

Kufikia Februari alianza kubadilika. Rangi ya buluu ilitokeza kichwani kwanza kwa vipande, halafu koo lote. Tumbo likawa la chungwa, na mgongoni kukaonekana doa jeupe. Kumbe ni dume. Yule mzee alipopita tena, nikamsalimu "Mbukwa" na kumwonyesha. Aliangalia, akacheka: "Huyu siye yule wa siku ile." Ilibidi nimfungulie picha za kwenye simu, moja baada ya nyingine, hadi akakubali.

Mwishoni mwa Machi akaondoka. Nimeweka taarifa zake kwenye eBird, tovuti ambako watu huandika ndege waliowaona, pamoja na picha ya Desemba na ya Machi, kwa kuwa ile ya Desemba peke yake ingeniletea maswali mengi.