Nilivyopigwa kwa chumvi Mopti, mtoto wa Kilwa mzima!

Safari hii ilikuwa 2010, kabla kaskazini mwa Mali hakujachafuka. Basi la kutoka Bamako hadi Mopti, kilomita kama 640, sitaki hata kulizungumzia, siti imebaki chuma, AC imeandikwa ubavuni tu, na nauli wamekula yote. Tuliache.

Asubuhi nikashuka bandarini, pale mto Bani unapoingia mto Niger, nikaona mabamba meupe yamesimamishwa kwa safu nikadhani wanauza mawe ya makaburi. Kumbe chumvi! Muuzaji mzee mmoja wa kilemba, Kifaransa changu cha kuungaunga, tukawa tunaokoteza Kiarabu cha madrasa, ndo akanieleza kwamba inachimbwa Taoudenni, jangwani huko, karibu kilomita 700 juu ya Timbuktu, ngamia mmoja anabeba mabamba manne, wanatembea wiki mbili tatu, wakifika Timbuktu inapakiwa kwenye boti inapandishwa na mto mpaka hapa.

Nikataka kipande, nusu tofali hivi. Faranga 3000. Nikabishana weee mpaka 2500, nikajiona mjanja kishenzi. Sijafunga hata mfuko, kaja mama mmoja, kachukua kipande kikubwa kuliko changu, katoa sarafu tatu nne, huyoo kaenda zake. Nikamwangalia mzee. Mzee akaangalia mto.

Yaani mimi! Nimekulia Kilwa, chumvi kwetu mtoto anatumwa kwa jirani na kikombe na hakuna anayeuliza itarudi lini.

Nikaenda kukaa kwenye chai (nayo bei ya mgeni) nikiwa na hasira, na hapo ndo dola ya Mali ya zamani ikaniingia kichwani kuliko darasani. Chumvi iko jangwani, dhahabu iko kusini kule Bambuk na Bure, na katikati mto Niger badala ya kukimbilia baharini unapanda kaskazini mpaka unagusa mchanga ndo unageuka. Ngamia akienda kusini sana anauliwa na mbung'o, mtumbwi nao jangwani hauendi, kwa hiyo mzigo lazima ushushwe na ubadilishe mikono, sasa ukishika hapo pa kushushia umeshika kila kitu. Ndo utajiri wa kina Mansa Musa huo, yule mfalme wa Mali aliyepita Cairo 1324 akamwaga dhahabu mpaka bei yake ikashuka.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, huyuhuyu aliyefika kwetu Kilwa 1331, alivuka jangwa hilo 1352. Akapita Taghaza, machimbo ya chumvi ya enzi hizo, nyumba za matofali ya chumvi, paa ngozi ya ngamia. Anasema mzigo wa ngamia wa chumvi pale Walata, mji wa ukingoni mwa jangwa, ni mithqali (kipimo cha dhahabu) 8 mpaka 10, ukifika mji wa mfalme ni 20 mpaka 30, saa nyingine 40. Kwa hiyo mzee wangu karithi tu. Halafu Ibn Battuta naye alilalamika! Kasubiri zawadi ya Mansa Sulayman, mfalme wa Mali wakati huo, kaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama na kibuyu cha maziwa mgando, akacheka. Ila sultani wetu wa Kilwa, Ibn Battuta alimsifia kwa ukarimu. Kusema ukweli nilifarijika kidogo, ingawa ukiwaza, na sisi dhahabu haikuwa yetu, ilitoka Sofala, huko Msumbiji, sisi tulikuwa na bandari na pepo za kusi na kaskazi, mzigo unashuka, tunakula chetu. Wajukuu wa madalali wote, mimi na yule mzee.

Siku nne zilizobaki hazina la kusimulia, niliumwa tumbo.

Nilipofika nyumbani nikamkabidhi bibi kile kipande kwa heshima zote, nimekifunga kwenye kanga mpya. Akakifungua, akakigeuza, akalamba kwa ncha ya ulimi.

"Ina mchanga hii, mume wangu," akasema, akaiweka kanga begani na kile kipande akakitia kwenye beseni la mbuzi.