Jinsi nilivyoitwa usaili baada ya kimya kirefu

Nimeitwa usaili wa kazi ya kutunza stoo ya dawa, nikaona niandike, huenda ikamfaa mwingine. Kwa muda mrefu CV ileile niliituma kila mahali, na hakuna aliyejibu. Nilibadilisha fonti, nikaweka picha, nikarefusha barua. Wapi!

Kilichosaidia ni kulichapisha kwenye karatasi tangazo lenyewe la kazi na kukaa nalo na kalamu. Kila jukumu nililipigia mstari, nikajiuliza: hili nimelifanya wapi? La kwanza lilikuwa kutoa mapema dawa zinazokaribia kuisha muda, la pili kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi na kulinganisha na leja. Yote nimeyafanya kwa miaka, ila kwenye CV yalikuwa chini kabisa, ndani ya maneno "shughuli nyingine za stoo". Nikayapandisha juu, kwa mpangilio uleule wa tangazo na kwa maneno yake yenyewe. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Walitaka pia uzoefu wa kuhifadhi chanjo kwenye jokofu, sina, sikuandika. Usiongeze usichokifanya, kwenye usaili watakuuliza.

Mwisho nilihifadhi kwa PDF, faili nikaliita jina langu na cheo nilichoomba.