Meli ilizama, mizinga ikaopolewa

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri. Jumanne mdogo wangu alinipigia anaomba nimsaidie karo ya mtoto, na kabla hajamaliza nikamtolea ile habari ya pesa za shamba, ya miaka hiyo, yote, mpaka maneno aliyonijibu siku ile. Akanyamaza. Akasema tu, "Kaka, si ulisema yaliisha?" Na kweli nilisema, tena mbele ya mama, tukashikana mikono tukaomba.

Sasa Alhamisi nimepeleka watoto Fort Jesus, pale kuna mzinga wa Königsberg, manowari ya Mjerumani, na mwingine wa Pegasus ya Mwingereza. Hizi zilikutana Zanzibar alfajiri ya 20 Septemba 1914, Pegasus imesimama inatengenezwa injini, na mizinga ya Mjerumani ilikuwa inafika mbali zaidi, kwa hiyo Pegasus inajibu lakini makombora yake yanaishia majini. Mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Baadaye Königsberg ikaenda kujificha Rufiji, Waingereza wakaleta Severn na Mersey, manowari zinazoweza kupita maji machache, na ndege juu inawaonyesha makombora yanaangukia wapi, basi 11 Julai 1915 ikapigwa mpaka Wajerumani wakaizamisha wenyewe.

Ungesema imeisha. Haikuisha! Waliopoa mizinga yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam kutengenezwa, wakaifunga magurudumu, ikaburutwa bara kupigana tena. Mmoja ulifika hadi Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye Götzen, meli ambayo leo tunaiita Liemba. Meli imelala kwenye tope la Rufiji, mizinga yake bado inalia nchi kavu.

Nilisimama pale watoto wananivuta twende, mi siendi. Manake huyo nilikuwa mimi. Nilizamisha ugomvi mbele ya mama lakini usiku nikarudi kupiga mbizi, nikaopoa kila neno, nikalisafisha, nikalifunga magurudumu likae tayari. Na wewe dada unayemsalimia mwenzako kanisani "shalom" huku una skrinshoti zake za mwaka juzi kwenye simu, unazitunza za nini? Baba, mkeo alikosa mara moja akatubu, mbona kila mkikosana chakula kinapoa mezani unarudia hiyo hiyo? Tunafunga, tunakesha, tunapanda mbegu, na ghala la silaha limejaa. Mika anasema Mungu wetu anazitupa dhambi zetu vilindini mwa bahari, na mimi sijawahi kusikia amerudi kuzitafuta, hata moja ya kwangu hajanionyesha tena, na yangu mnayajua wengine wenu mliniombea nikiwa kwenye pombe. Yeye aliniachia deni lote, mimi nambana ndugu yangu kwa pesa za shamba!

Karo nimeituma jana. Simu bado, naogopa. Leo jioni baada ya ibada nampigia, niombeeni nisianze kueleza eleza, niseme nisamehe, basi.