Usiku Uzi wa Gitaa Ulipokatika

Nilisimama hatua tatu kutoka kwa mpiga gitaa, karibu kiasi cha kuweza kusoma orodha ya nyimbo waliyoibandika sakafuni kwa utepe mweusi. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika, na wimbo wa sita ulikuwa umefutwa, ukarudishwa, kisha ukafutwa tena. Jukwaa halikuzidi urefu wa goti. Ndani ya ngoma kubwa ya mguu walikuwa wametia mto wa kulalia ili mshindo usivume muda mrefu, na foronya yake ya maua ilichungulia kupitia tundu la mbele. Vitu kama hivyo havionekani kwenye viwanja vikubwa, ambako mtu hulipa kiingilio kisha akatumia usiku mzima kuangalia skrini.

Bendi yenyewe ilikuwa ya vijana wanne, ambao kwa kuwakadiria kwa macho sikumpa hata mmoja wao zaidi ya miaka 22: mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga ngoma. Mpiga besi aliniambia baadaye kwamba hilo lilikuwa onyesho lao la sita. Walipiga roki ya kasi, yenye gitaa la mkwaruzo mzito na viitikio vya kupaziwa sauti, na kufikia mwisho wa wimbo wa tatu nilikuwa nimeshaamua kwamba wana nguvu nyingi kuliko muziki. Kila wimbo waliuanza kana kwamba wanawahi gari la mwisho, na kabla haujafika katikati mpiga ngoma alikuwa ameshauongezea kasi, huku wenzake wakimfuata mbio. Maneno ya mwimbaji sikuyasikia kabisa. Niliona mdomo ukifunguka, nikaona mishipa ya shingo ikitutumka, lakini kilichonifikia kilikuwa irabu tupu.

Kwa hali hiyo wengi humgeukia fundi wa sauti, naye aghalabu huonewa. Seti ya ngoma haihitaji umeme wala maikrofoni ili kukijaza chumba kidogo; mpigaji mwenye mkono mzito na matoazi mapana anatosha. Mpiga gitaa asipojisikia huongeza sauti ya amplifaya yake, mpiga besi naye asikubali kuachwa, na ushindani huo wote hufanyika jukwaani, nje ya mamlaka ya fundi, ambaye mashine yake ya kuchanganyia sauti inaweza kupunguza tu kile kinachopita kwenye spika za ukumbi. Anayebaki nyuma ni mwenye koo. Sauti yake ikiongezwa kupita kiasi, spika huirudisha kwenye maikrofoni ileile, maikrofoni huipeleka tena kwenye spika, na mzunguko huo huzaa ule mlio mkali unaowafanya watu wote wakunje nyuso kwa pamoja. Tuliusikia mara mbili kabla wimbo wa pili haujaisha.

Hata hivyo wapiga gitaa wa roki wana utetezi wao, nao una ukweli ndani yake. Amplifaya za vali, yaani zile za mtindo wa zamani zenye mirija ya kioo ndani, ambazo wengi wao bado wanazienzi, hutoa ule mkwaruzo mnene zinaposukumwa karibu na ukomo wa nguvu zake, kwa hiyo ukimwambia kijana apunguze sauti, yeye husikia kwamba unamtaka abadilishe gitaa. Masikio ndiyo hulipa gharama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu kumbi na maonyesho, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100, na chumba kama kile hakihitaji juhudi kubwa kukifikia. Mimi hutembea na vizibo vya masikio mfukoni, na usiku ule nilivivaa mapema, bila kuona haya mbele ya vijana waliokuwa wamebana kifua kwenye spika.

Uzi ulikatika katika ubeti wa kwanza wa wimbo wa nne. Nilisikia mlio mfupi, kama wa fimbo inayovunjwa, nikauona ule uzi mwembamba kuliko yote ukining'inia na kumetameta chini ya taa. Uzi mmoja si msiba kwa kila gitaa, ila lake lilikuwa la aina ambayo daraja lake, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa, linashikiliwa na springi kwa nyuma: mvuto wa nyuzi sita na mvuto wa springi hupimana, na mmoja ukikatika springi hushinda, daraja likarudi nyuma na nyuzi tano zilizobaki zikapanda sauti zote kwa mara moja. Alipiga kodi iliyofuata, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, na ikatoka kitu ambacho hata mimi nisiye mwanamuziki nilikitambua kuwa ni kosa. Akakiangalia chombo chake kama mtu aliyesalitiwa, akazifunika nyuzi kwa mkono, akapiga magoti pembeni. Gitaa la akiba hakuwa nalo.

Hapo nilitarajia wasimame, waombe radhi, na mwimbaji aanze kutuuliza kama tuna furaha. Hawakusimama. Mpiga besi alisogea hadi goti lake likakaribia kugusa ngoma ya mguu, akamkazia macho mwenzake, na mpiga ngoma akaacha yale matoazi mapana, akahamia kwenye matoazi mawili ya kanyagio, ameyabana mpaka yakawa yanatoa mlio mdogo tu wa kutafuna. Kasi ikashuka, nadhani bila wao wenyewe kukusudia. Besi, ambayo kwa nyimbo tatu tulikuwa tukiihisi kwenye nyayo bila kuisikia, ikajitokeza na mstari wake mzima, mzuri, wenye kupanda na kushuka ambako hakuna mtu angedhani kupo. Naye mwimbaji, aliyekuwa ameshavuta pumzi ya kupiga kelele, akagundua kwamba hakuna wa kushindana naye. Aliteremsha sauti katikati ya neno. Ubeti wa pili ulimhusu mtu anayehama chumba na kuiacha misumari ukutani mahali picha zilipokuwa, na niliusikia wote, kila neno, mara ya kwanza usiku ule.

Huku nyuma mpiga gitaa alikuwa akihangaika na uzi mpya, simu akiwa ameishika kwa meno ili imulike vigingi vya kukazia nyuzi. Kazi hiyo haifanyiki haraka kwenye gitaa la springi, kwani kila uzi unaouweka sawa huzivuruga nyingine. Nikawa na muda wa kuwaza kuhusu kumbi za namna hii. The Beatles walipiga katika ukumbi wa Cavern kule Liverpool karibu mara 300 kati ya mwaka 1961 na 1963, chini ya ardhi, kwenye matao ya matofali. Na kabla ya hapo, mwaka 1960, walikuwa wameshapiga usiku hadi usiku, kwa saa nyingi, katika vilabu vya Hamburg. Tukizitaja hadithi hizo huwa tunasifu vipaji, ilhali mimi huwaza ni nyuzi ngapi zilikatika katika maonyesho yote hayo, na ni mara ngapi wanabendi walilazimika kutazamana usoni na kuamua bila kusemezana. Bendi yenye maonyesho sita haijapata bado nafasi nyingi za kuharibikiwa.

Nilimwona pia fundi wa sauti akipita nyuma ya jukwaa kwa mwendo wa mtu anayetafuta kebo. Alipofika kwenye amplifaya ya gitaa aliinama, akakizungusha kitufe kidogo kuelekea kushoto, akaendelea kutafuta kebo yake. Mpiga gitaa alirudi wakati wa kiitikio cha mwisho, akapiga kodi, akageuka kwa mshangao kuiangalia amplifaya. Mkono ulishanyooka kuelekea kile kitufe, lakini mwimbaji alikuwa bado anaimba kwa ile sauti ya chini, na mkono ukabaki hewani kwa muda wa mapigo mawili au matatu, kisha ukarudi kwenye nyuzi. Nyimbo nne zilizobaki hazikuwa kamilifu, na wa mwisho waliukimbiza tena vilevile, ila sikuvua vizibo kwa hasira wala sikuangalia saa.

Onyesho lilipokwisha walibeba vyombo vyao wenyewe, kama ilivyo kwa bendi chipukizi. Niliwapisha mlangoni mwimbaji na mpiga gitaa wakiwa wameishika amplifaya huku na huku, wakitembea upande upande kama kaa, na mpiga gitaa akawa anamuuliza mwenzake: “Kwani ule ubeti wa misumari uliuandika lini?”

“Tangu mwanzo,” mwimbaji alijibu. “Hebu inua upande wako.”