Mguu wa kushoto umekaa golini

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za skuli, madera na mabuibui, na kibanda changu kipo Mwanakwerekwe, hatua chache kutoka sokoni. Wanaonisoma humu wamezoea niwaeleze habari za vitambaa na bei zake pale Darajani. Leo pia nitasema vitambaa, lakini vya mpira wa miguu. Wiki hii nimekata hijabu ya mpira ya kumi na nne, na kila nikiikunjua moja naikumbuka ile Jumapili ya tarehe 5 Juni 2022, pale uwanja wa Amaan.

Nilimchukua binti wa mdogo wangu, wakati huo ana miaka 11. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, walikuwa wameshaifunga Cameroon 4-1 kwao Yaoundé, na mechi ya marudiano ililetwa huku kwetu Unguja. Nilimnunulia kachori mbili pale nje. Alizishika mkononi mechi nzima, zikapoa kwenye karatasi yake, mafuta yakaloa mpaka kwenye mkono wa baibui lake, hakuzionja. Alikuwa anatazama miguu. Hatazami mpira, anatazama miguu. Akanivuta: "Shangazi, yule anapiga kwa kushoto kama mimi."

Tulishinda 1-0. Filimbi ya mwisho ilipolia ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa timu yoyote ya mpira wa miguu ya Tanzania, ya wanaume au wanawake, ya wakubwa au wadogo, kukata tiketi ya Kombe la Dunia. Na ilikatwa hapa Zanzibar, kwenye nyasi tunazopita karibu yake kila siku na daladala. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Mimi nilijikuta nimeshikwa na bibi mmoja mtu mzima, kanga mbili, analia, na mimi nalia, wala hatukuulizana majina.

Ya Kombe lenyewe kule India mwezi wa Oktoba wengi mnayajua, kwa hiyo sitayarefusha. Kundi letu lilikuwa na Japani, Ufaransa na Canada. Ukisoma majina hayo unaweza kuzima simu mapema. Japani walitupiga 4-0 mechi ya kwanza, na yule mtoto akala chakula cha usiku bila kusema neno. Siku tatu baadaye, Ufaransa. Diana Mnally akafunga kipindi cha kwanza, Christer Bahera akapiga penalti cha pili, Wafaransa wakarudisha moja, ikawa 2-1. Ufaransa hao walishawahi kulichukua kombe hilo mwaka 2012! Tulikuwa tumebanana watu saba kwenye simu moja ya jirani yangu. Halafu Canada walitutangulia, Veronica Mapunda akasawazisha, 1-1, tukavuka kwenda robo fainali na pointi nne. Huko Colombia wakatutoa 3-0, Colombia ya mshambuliaji Linda Caicedo, ambayo ilikwenda mpaka fainali. Sikuona aibu hata kidogo. Vijana wa mwalimu Bakari Shime walikuwa wamefika pahala ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kukanyaga.

Asubuhi yake mtoto akaja kibandani. "Shikamoo shangazi. Nishonee hijabu ya kuchezea."

Ndipo shida yangu ilipoanzia.

Mtandio wa kawaida una pini. Ukikimbia unateleza, ukiteleza unaushika, ukiushika mpira umeshapita. Basi nikafikiri kama fundi: nikachukua kitambaa cha jezi, nikakata kofia ya kubana kichwa, nikaishona moja kwa moja kwenye ukosi wa jezi yake isitoke. Nilipita ovaloki mara mbili. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Kwenye bonanza moja la mtaani mwamuzi akamsimamisha kabla mpira haujaanza. Akamwambia mbele za watu avue au atoke. Mtoto wa miaka 12, mbele ya vijana wa maskani wote. Akatoka. Alirudi kwangu amevaa kandambili, njumu amezifunga kamba shingoni, na hakukasirika na mwamuzi, alinikasirikia mimi.

Nilichukia sana siku ile. Mpaka leo naamini yule bwana angeweza kumwita pembeni akamweleza kwa upole. Lakini kuchukia hakushoni nguo. Nikamwomba kijana mmoja aliyewahi kusomea uamuzi anieleze sheria inasemaje, akanisomea Sheria ya Nne, inayohusu mavazi ya mchezaji. Hijabu inaruhusiwa. Iwe nyeusi, au rangi kuu ya jezi, na wachezaji wa timu moja wavae rangi moja. Isiwe na kitu cha kudhuru, wala kipande kinachoning'inia nje. Na isiunganishwe na jezi. Nikanyamaza pale. Kumbe mwamuzi alikuwa na haki yake, na sababu ukiifikiria unaiona: mtu akikuvuta jezi, kitambaa kilichoshonwa ukosini kinakuvuta koo.

Akaniambia pia kwamba ruhusa yenyewe haina umri mkubwa. Ilipitishwa mwaka 2014. Mwaka 2011 wanawake wa Iran walifika uwanjani Jordan kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki, wamevaa vilivyofunika shingo, wakazuiwa, wakahesabiwa wamefungwa 3-0 bila kucheza. Na miaka mitano tu baadaye, Jordan hiyohiyo ikaandaa Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, na baadhi ya wasichana wake wakaingia uwanjani na hijabu zao. Nilipoyasikia hayo nilirudi kwenye meza yangu na kukunjua kitambaa upya.

Ya pili niliikata hivi. Vipande vitatu: cha paji la uso, cha utosi mpaka kisogoni, na cha shingo. Nyeusi, maana nyeusi inakwenda na jezi yoyote. Chini ya kidevu hakuna pini wala kifungo, kuna lastiki nyembamba ndani ya pindo, na shingo ni ndefu kiasi cha kuingia ndani ya jezi bila kushikwa na uzi hata mmoja, ukiivuta inatoka. Nikamvalisha, nikamwambia aruke, ageuke, apige kichwa. Ikakaa. Akaenda mazoezini, akarudi na malalamiko: "Shangazi, simsikii kocha akiniita." Kitambaa cha jezi kilikuwa kinene masikioni. Nikafumua pembeni, nikatia kipande cha wavu laini wa kitambaa kilekile kinachotiwa makwapani mwa jezi, mkunjo mmoja tu, na juu yake nikaacha ukanda mwembamba ili sikio lisionekane. Hiyo ndiyo ninayoishona mpaka leo, na wenzake ndio hao kumi na tatu waliokuja mmoja mmoja baada yake.

Sasa nije kwa baba yake, mdogo wangu. Seremala, mtu wa swala tano, mtu mwema. Hamkatazi mtoto mpira. Aliniambia waziwazi: "Dada, mimi sina ugomvi na mpira. Nina ugomvi na bukta." Na yeye mwenyewe, katika kuulizauliza, akagundua kitu ambacho mimi fundi sikukijua: sheria inamruhusu golikipa kuvaa suruali ya traksuti. Akafurahi sana. Akamwambia binti yake, basi kuwa kipa.

Akawa kipa.

Nataka mnielewe hapa, maana sisemi kumshitaki ndugu yangu. Nimekwenda kuangalia mechi za wasichana Unguja na nilipofika Chake Chake, Pemba, niliingia uwanja wa Gombani, na nimeona makipa wengi wa namna hii. Unamwona msichana golini, mfupi, hana mikono ya kudakia, lakini akipewa mpira mguuni unashangaa. Ukiuliza, jibu ni suruali. Mtoto wetu ana mguu wa kushoto ambao mwalimu wake anasema hajauona kwa mvulana wala msichana pale mtaani, na mguu huo umesimama katikati ya milingoti miwili unapiga goli kiki.

Yeye mwenyewe hakulalamika. Hilo ndilo linaloniuma. Alivaa traksuti, akavaa glovu, akasema alhamdulillah nacheza.

Mwaka 2023 nilimwita mdogo wangu kibandani nikamwonesha picha ya Nouhaila Benzina, beki wa Morocco, aliyekuwa wa kwanza kuvaa hijabu kwenye Kombe la Dunia la wanawake wakubwa, kule Australia. Beki, si kipa. Kichwani hijabu, mikono mirefu, na chini ya bukta taiti mpaka mguuni. Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Ile ya chini imebana." Nikamwambia ya kubana ni mazoea tu ya viwanda. Mimi sina kiwanda, nina cherehani.

Tumebishana juu ya suruali hiyo kwa muda. Sheria inataka taiti iwe rangi ya bukta, na timu nzima wanaozivaa wawe rangi moja. Unene na upana wake ni kazi ya fundi. Ikiwa pana mno inamkwaza, ikiwa nyembamba mno baba hataki. Nimekata tatu. Ya kwanza ilimzuia kunyanyua goti. Ya pili ilipasuka gotini. Ya tatu nimetia kipande cha ziada katikati ya miguu, kama tunavyofanya kwenye suruali za watoto wa madrasa wanaopenda kupanda miembe, na juu yake bukta refu linalofika magotini.

Haraka yangu ina sababu. Amezaliwa 2010. Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 sasa linachezwa kila mwaka, timu 24 badala ya 16, na mpaka 2029 lipo Morocco. Umri unamruhusu mpaka lile la 2027. Na njia yake ni moja tu. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, tuliingia Machi 2017, tukatolewa Julai mwaka uleule. Kwa hiyo mtoto wa Mwanakwerekwe akitaka kufika huko lazima avae jezi ya Serengeti Girls, na ili aivae lazima aonekane, na winga haonekani akiwa golini.

Juzi mdogo wangu alipita baada ya Alasiri. Akaishika ile suruali ya tatu, akaivuta magotini, akaivuta kiunoni, akaigeuza ndani nje kutazama mishono kama anavyokagua maungio ya mlango. Akauliza tu: "Hii haitapasuka?" Nikamjibu haitapasuka. Akaiweka mezani, akaenda zake.

Jumapili wana mechi, na mwalimu ameshasema kuna kipa mwingine. Bado pindo la mguu wa kushoto.