Sigara ya Serikali: Waitalia na Moshi Wao

Wengi wanaoandika kuhusu Waitalia na sigara huanzia mkahawani: kahawa mezani, suti iliyopigwa pasi, moshi unapaa. Mimi naona pa kuanzia ni hazina ya serikali. Kwa zaidi ya miaka 100 dola ya Italia ndiyo iliyosimamia kilimo cha tumbaku, ikatengeneza sigara, ikazipangia bei na kuziuza, kisha dola hiyohiyo ikaja kuwakataza watu wasizivute. Ukiliacha hilo pembeni, tabia za wavutaji wa nchi ile hazieleweki.

Siasa zenyewe zilitangulia hata kuzaliwa kwa taifa. Mwaka 1848 Lombardia, eneo la kaskazini lenye mji wa Milan, ilikuwa chini ya Austria, na faida ya tumbaku ilikwenda Vienna. Kuanzia tarehe 1 Januari watu wa Milan waligoma kuvuta, ili mtawala akose mapato. Siku mbili baadaye wanajeshi wa Austria wakatoka barabarani na sigara nene midomoni, wakiwapulizia wapita njia moshi. Zikazuka fujo, watu wakauawa, makumi wakajeruhiwa. Mwezi Machi, kati ya tarehe 18 na 22, mji mzima uliinuka na kulifukuza jeshi la Radetzky, jemadari wa Austria. Italia ilipoungana, ufalme mpya nao uliona utamu wa mapato yale: sheria ya mwaka 1862 ikaweka chumvi na tumbaku mikononi mwa serikali.

Ndiyo maana hadi leo duka la tumbaku la Kiitalia lina alama yake, herufi T nyeupe kwenye ubao wa rangi iliyokoza, na katika mbao za zamani bado unasoma Sali e Tabacchi, yaani chumvi na tumbaku. Ukiritimba wa chumvi ulidumu hadi katikati ya miaka ya 1970. Mwanzoni mwa karne ya 20, malaria ilipokuwa ikiua watu mabondeni, maduka hayo yaliuza pia kwinini ya serikali kwa bei nafuu. Mtu alikwenda palepale kununua dawa ya homa, chumvi ya mboga, stempu za kisheria na sigara. Huwezi kuliita duka la anasa. Lilikuwa dirisha la serikali kijijini.

Mwenye duka hana uhuru mkubwa. Anafanya kazi kwa idhini ya serikali, anapata asilimia 10 ya bei ya rejareja, na bei yenyewe imesajiliwa rasmi: pakiti ileile ina bei moja Milan na katika kisiwa cha mbali kabisa, na kumpunguzia mteja ni marufuku. Duka jipya haliruhusiwi kukaribia mno jingine. Katika miji yenye zaidi ya watu 100,000 umbali wa chini ni mita 200. Takriban robo tatu ya anacholipa mvutaji ni kodi.

Nyuma ya duka kulikuwa na wanawake. Viwanda vya serikali vya Florence, Lucca, Bologna, Roma na kwingineko viliajiri maelfu yao, na baadhi vilikuwa na chumba cha kulelea watoto wachanga ili mama anyonyeshe kisha arudi kazini. Kusini kabisa, katika rasi ya Salento, kazi ilianzia shambani. Tumbaku ya huko ilikuwa ya aina ya mashariki, yenye majani madogo, na ilichumwa alfajiri, jani moja moja. Jani lilitobolewa kwenye mshipa wa kati kwa sindano ndefu bapa, likaingizwa kwenye uzi, na uzi uliojaa ukatundikwa kwenye vichanja vya mbao juani. Mvua ikitishia, kila aliye karibu alikimbilia kuingiza vichanja ndani, kwa sababu jani lililolowa huota kuvu na kuwa jeusi, na jani jeusi halina mnunuzi.

Kisha majani yaliingia ghalani, ambako wanawake walioitwa tabacchine waliyachambua kwa ukubwa na rangi huku wakisimamiwa vikali. Madirisha yalifungwa makusudi: hewa kavu hulifanya jani livunjike vipande. Vumbi la tumbaku lilibaki humohumo, vifuani mwao. Tarehe 15 Mei 1935, mjini Tricase, watu waliandamana kupinga mpango uliohatarisha ushirika wa tumbaku uliokuwa ukiwapa riziki. Askari walifyatua risasi, watu watano wakafa. Kwangu hiki ni kipande cha historia ya sigara ya Italia kinachostahili kujulikana kuliko matangazo yote ya zamani yenye warembo.

Sigara nyembamba ya karatasi ilichukua nafasi ya sigara nene taratibu, na Vita Kuu ya Kwanza iliisukuma mbele, maana tumbaku ilikuwa sehemu ya posho ya askari. Zikaja chapa za Macedonia, zikaja Nazionali, na baada ya vita vya pili Nazionali Esportazione yenye pakiti ya kijani na picha ya jahazi. Mwaka 1969 serikali ikatoa MS, iliyokuwa na kichungi, ikawa sigara ya kila mtu. Asiye na hela ya pakiti aliuziwa moja moja, na pakiti za sigara 10 zilikuwapo hadi mwaka 2016.

Utafiti wa taasisi ya Doxa mwaka 1957 ulikuta wavutaji ni asilimia 65 ya wanaume na 6 tu ya wanawake. Kufikia 1980 wanaume walikuwa wameshuka hadi takriban 54, wanawake wamepanda hadi karibu 17. Wanawake ambao kwa vizazi walizitengeneza sigara kiwandani walionekana hawana adabu wakizivuta hadharani. Mabinti wa miaka ya 1960 na 1970 walizivuta kwa kujua hivyo, na kiwanda hakikujali nani ananunua.

Kodi ikiwa kubwa, magendo hayakosekani. Kwenye mpaka wa Uswisi, juu ya Como na Varese, wabebaji walioitwa spalloni walivuka milima usiku na mzigo wa kilo 30 hivi mgongoni, umeshonewa gunia na kutiwa mikanda. Miguuni walivaa viatu vya nguo za magunia visivyotoa sauti kwenye mawe. Uzio wa waya wa mpakani ulining'inizwa kengele ndogo, ukiutikisa, umejitangaza. Wengi walibeba kisu kilichopinda kwa ajili ya jambo moja: askari wakitokea, kata mikanda, acha mzigo, kimbia. Napoli walitumia bahari. Boti za kasi zilizopakwa rangi ya buluu zisionekane usiku zilikwenda kupakia kwenye meli zilizotia nanga nje ya maji ya Italia, na asubuhi wanawake waliuza pakiti kwenye vimeza vya vichochoroni. Miaka ya 1990 biashara ilihamia Puglia, mkoa wa kusini-mashariki, ikitokea Montenegro ng'ambo ya bahari, nayo ilikuwa ya kikatili zaidi. Februari 2000 askari wawili wa Guardia di Finanza, polisi wa kodi na forodha, waliuawa karibu na Brindisi, gari lao lilipogongwa na gari la magendo lililokingwa kwa chuma, na operesheni kubwa ikafuata.

Sheria nazo zilikuja kwa kusuasua. Matangazo ya tumbaku yalipigwa marufuku mwaka 1962, mapema sana, lakini serikali ikaendelea kuuza. Sheria ya 1975 ilikataza kuvuta hospitalini, kwenye sinema na ndani ya mabasi, na mara nyingi ilipuuzwa. Sheria ya waziri wa afya Girolamo Sirchia, iliyoanza kazi tarehe 10 Januari 2005, ilitiiwa, na sababu iko kwenye vipimo vyake. Haikumkataza mwenye mgahawa kuwa na chumba cha wavutaji. Ilimwambia chumba hicho kiwe na kuta nne kamili, mlango unaojifunga wenyewe, hewa lita 30 kwa sekunde kwa kila mtu, na mgandamizo wa chini kuliko vyumba jirani kwa paskali 5 angalau, ili moshi usitoke mlango ukifunguliwa. Tena kisifikie nusu ya eneo lote. Wenye mikahawa walipopiga hesabu ya mafundi na mashine, wengi wao wakaona heri kubandika tu kibao cha Vietato fumare, yaani marufuku kuvuta. Anayekaidi hutozwa euro 27.50 hadi 275, na faini huongezeka maradufu akivuta mbele ya mjamzito au mtoto wa chini ya miaka 12. Mwenye mahali asiyesimamia sheria hulipa 220 hadi 2,200. Huko Piemonte, mkoa wa kaskazini-magharibi, watafiti walikuta kwamba, katika miezi ya mwanzo ya sheria, watu wa chini ya miaka 60 waliolazwa kwa shambulio la moyo walipungua kwa asilimia 11.

Umri wa kununua ulipandishwa kutoka 16 hadi 18 mwanzoni mwa 2013, na mashine za kuuzia zinasoma kadi ya mnunuzi kabla ya kutoa pakiti. Viwanda vya serikali viliuzwa kwa kampuni ya British American Tobacco mwaka 2003. Mwaka 2014 kampuni ya Philip Morris ilichagua Milan kuwa mojawapo ya miji ya kwanza duniani kujaribia vijiti vya tumbaku inayopashwa moto bila kuungua, na mwaka 2016 ikafungua kiwanda chake huko Crespellano, karibu na Bologna. Vijiti hivyo vinauzwa kwenye maduka yaleyale yenye T nyeupe, na serikali inavitoza ushuru mdogo kuliko wa sigara.